Nyumba Ile Pale ni ya Nani? Historia ya Ikulu, Sehemu ya 1 hadi ya 6

SEHEMU YA 1

Mnaonifuata siku zote mnajua kawaida yangu. Mimi ni nesi, niko hapa Mlowo, naandika mambo ya presha, sukari, kunyonyesha na dawa za minyoo. Leo naomba mnivumilie, nataka niwape historia. Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, chai iko mezani, na kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita.

Mwezi uliopita mama mmoja alikataa rufaa. Simtaji, na wala msimtafute. Ana saratani ya mlango wa kizazi, na bado inatibika. Tukamwambia safari yake ni Ocean Road, Dar es Salaam. Akatikisa kichwa, akasema, "Nesi, kule ni kwa wakubwa. Si ndio kule jirani na Ikulu? Mimi wa shambani nikafanye nini kule?"

Jamani, maneno yale yalinirudisha mwaka 2017. Mwaka ule nilimsindikiza mama yangu mdogo kwa ugonjwa huohuo. Tulipanda basi hapa Mlowo alfajiri, tukapita Mbeya, Makambako, Iringa, tukateremka Kitonga, tukavuka Mikumi, Morogoro, hadi usiku ndio tukaingia Dar. Ni zaidi ya kilomita 800, na mgonjwa amekaa kwa maumivu njia nzima. Tulifikia kwa ndugu Kigamboni. Kwa hiyo kila siku ya mionzi tulipanda pantoni asubuhi, tukavuka kuja Magogoni, tukachukua bajaji hadi hospitali.

Siku ya tatu au ya nne, tukiwa juu ya maji, mama mdogo akanyoosha kidole. Kuna jengo jeupe linaonekana katikati ya miti, bendera juu.

"Mwanangu, nyumba ile pale ni ya nani?"

"Ile ni Ikulu, mama."

"Ikulu ya Rais? Kwa hiyo Rais ndiye jirani yetu?" Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile. Kisha akauliza, "Na kabla ya marais wetu, ilikuwa ya nani? Na hii hospitali, waliijenga kwa ajili ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mtu nina cheti, nina miaka kazini, historia ya darasani nilifaulu, lakini swali la mama wa kahawa limenishinda! Nikaona aibu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kidogo kidogo kila nikipata nafasi. Haya ninayowaandikia ndiyo majibu yangu kwake, na kwa yule mama aliyekataa rufaa.

SEHEMU YA 2

Tuanze na neno lenyewe. Ikulu si neno la Kizungu wala la Kiarabu. Ni neno la watu wa bara, Wanyamwezi na Wasukuma. Kwao ikulu ilikuwa makazi ya mtemi, ile boma kubwa ambamo mtemi anaishi, anaamua kesi na kupokea wageni. Ukilisikiliza vizuri unasikia "-kulu" ndani yake, yaani "kuu". Mirambo alikuwa na ikulu yake kule Urambo. Isike wa Unyanyembe alikuwa na yake karibu na Tabora.

Huku kwetu Unyiha tulikuwa na mamwene, na mwene naye alikuwa na kwake. Kwa hiyo usidhani kabla ya wakoloni tulikuwa watu tusiojua nyumba ya mtawala. Tulikuwa nazo nyingi. Tatizo ni kwamba Wajerumani walipokuja, hizo ndizo walizozilenga kwanza. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga, basi letu linapita karibu yake ukifika Iringa, waliivunja Oktoba 1894. Isike alizingirwa Januari 1893, na alipoona hana pa kutokea akalipua baruti aliyokuwa nayo ndani kuliko kukamatwa. Ikulu za bara zikazimwa moja baada ya nyingine, na wakati huohuo ikulu moja ya kigeni ikawa inainuka pwani.

Dar es Salaam yenyewe ilikuwa bado changa. Aliyeanza kuijenga ni Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, akaweka jumba lake pale bandarini. Akafariki 1870, na mdogo wake Barghash hakuutilia maanani mji ule. Wajerumani ndio waliohamishia makao makuu yao pale kutoka Bagamoyo, mwaka 1891. Wakajenga ofisi, wakajenga kanisa, na pale kwenye mdomo wa bandari, mahali penye upepo mzuri, wakamjengea gavana wao jumba.

Sasa hapa ndipo mimi nesi nilipokaa vizuri kwenye kiti. Jirani na jumba la gavana walijenga hospitali, ikafunguliwa 1897. Ndiyo hii Ocean Road. Waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika akiumwa alikuwa na sehemu nyingine: mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, Sewa Haji, alitoa fedha zake ikajengwa hospitali ya Waafrika na Waasia upande mwingine wa mji, mwaka huohuo wa 1897, na mwaka huohuo akafariki. Na miaka hiyohiyo, 1897 na 1898, Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria. Huyu ndiye aliyegundua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Sisi wa afya tunamkumbuka kila tarehe 24 Machi, lakini wengi hatujui kwamba alitembea kwenye mchanga uleule tunaotembea na wagonjwa wetu.

Na gharama za serikali ile zilitoka wapi? Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Fikiria hilo kidogo. Mtu wa shambani anatozwa kodi kwa kibanda chake cha udongo, na serikali inayokitoza inakaa kwenye jumba la mawe linalotazama bahari. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuzitafuta kwenye mashamba ya walowezi. Kwa hiyo mama mdogo alipouliza jumba lile lilikuwa la nani, jibu la kwanza ni hili: lilikuwa la gavana, lakini babu zetu walikuwa wanalilipia.

SEHEMU YA 3

Jumba lile la Kijerumani halipo tena. Hiki ni kitu ambacho wengi hatukijui. Tunasema Ikulu ilijengwa na Wajerumani, lakini hili jumba tunaloliona siyo lilelile.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza Agosti 1914. Tarehe 8 mwezi huohuo manowari ya Kiingereza, Astraea, ikapiga mizinga Dar es Salaam, ikilenga mnara wa mawasiliano. Kabla mwaka haujaisha meli za Uingereza zikarudi, na katika mashambulizi hayo jumba la gavana likaharibiwa vibaya. Gavana wakati huo aliitwa Heinrich Schnee. Serikali yake ikahamia ndani, na Tabora ikawa makao yao ya vita. Septemba 1916 Waingereza wakaingia Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi wa Songwe. Schnee hakukamatwa. Alifuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck, wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, hadi wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwaka 1917. Mwaka 1918 wakarudi tena, wakapita Songea, wakapita upande wa Njombe, wakaja huku kwetu kusini-magharibi, wakaelekea Fife, ng'ambo tu ya Tunduma, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Habari za vita kuisha ziliwakuta huko. Tarehe 25 Novemba 1918 wakasalimisha silaha Abercorn, leo mji unaitwa Mbala.

Yaani mwenye jumba la Dar es Salaam, ambaye miaka minne nyuma alikuwa na walinzi na bustani, alipita upande wetu huu akiwa hana nyumba wala mji. Mimi nikipita barabara ya Tunduma nikiona foleni ya malori, namkumbuka. Cheo kilimpa jumba, vita ikalichukua.

Lakini walioumia zaidi si yeye. Ni wapagazi. Pande zote mbili zilichukua watu wetu kubeba mizigo, risasi, chakula na majeruhi. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa, na mwishoni kwa ile homa kubwa ya mafua ya 1918. Waliokufa kwa magonjwa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mnajua Kariakoo? Jina lile linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa pale. Wapagazi wakaacha jina la soko. Jumba lao la ukumbusho ni lile soko ambalo wewe unaenda kununua vitenge na simu.

Ndugu zangu, nikisoma habari za jumba kubwa huwa najiuliza: waliobeba mawe walilala wapi? Hiyo ni tabia ya kazi yangu. Mganga mkuu akipita wodini na msafara wake, sisi tunawaza nani atabadilisha shuka.

SEHEMU YA 4

Waingereza walikabidhiwa nchi hii na Jumuiya ya Mataifa, ikaitwa Tanganyika. Gavana wao wa kwanza alikuwa Horace Byatt. Nao walihitaji nyumba. Mahali palepale, juu ya magofu ya Wajerumani, wakalijenga jumba upya mwaka 1922. Ndilo hili jeupe tulilonalo, lenye matao na baraza pana, mchanganyiko wa ujenzi wa Kiafrika na wa Kiarabu. Baraza pana si urembo tu: Dar es Salaam kuna joto, na enzi zile hakuna kiyoyozi, kwa hiyo nyumba ilitakiwa ipate kivuli na upepo wa bahari. Waingereza waliliita Government House.

Sasa shikeni tarehe hiyo. Mwaka uleule wa 1922, tarehe 13 Aprili, kule Butiama karibu na Musoma, mtoto alizaliwa nyumbani kwa Chifu Burito wa Wazanaki. Mnamjua. Julius Kambarage Nyerere na jumba la Magogoni wana umri mmoja. Wakati mafundi wanapaka chokaa ukuta wa gavana, mtoto ambaye angekuja kumrithi gavana alikuwa mgongoni kwa mama yake. Na hakuna aliyejua, wala gavana wala mama.

Kwa miaka mingi Mwafrika aliingia Government House kwa mlango wa kazi: mpishi, dobi, mtunza bustani, askari, tarishi. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926 likiwa halina Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza waliteuliwa 1945, nao walikuwa machifu, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Kisha ikaja TANU, tarehe 7 Julai 1954. Mwalimu alikuwa anafundisha Pugu, akaacha kazi 1955, akaenda kuishi Magomeni. Ile nyumba ya Magomeni ipo hadi leo na unaweza kuitembelea, na ukiingia utashangaa udogo wake. Mwaka 1958 mambo mawili yalitokea. Mwalimu alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali na akatozwa faini. Na gavana mpya, Richard Turnbull, akafika nchini. Badala ya kugombana, hawa wawili wakawa wanaonana na kuzungumza. Mtuhumiwa wa juzi akawa mgeni wa gavana wa leo.

Uhuru tulipata 9 Desemba 1961. Lakini nawauliza swali la mtihani: siku iliyofuata, asubuhi ya tarehe 10, nani aliamka ndani ya lile jumba? Wengi mtasema Nyerere. Hapana. Aliamka Turnbull. Uhuru ule wa mwaka wa kwanza ulikuwa bado una Malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi, na Turnbull akabaki kama Gavana Mkuu, akimwakilisha. Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu, na Januari 1962 akajiuzulu kwenda kuimarisha chama, Mzee Kawawa akashika. Ni hadi 9 Desemba 1962, tulipokuwa Jamhuri na Mwalimu akawa Rais, ndipo jumba likapata Mtanganyika wa kwanza. Kwa hiyo kwa mwaka mzima sisi tulikuwa huru, na nyumba kubwa ya nchi bado haikuwa yetu.

Na jina likarudi. Government House ikawa Ikulu, lile neno la watemi ambao boma zao zilivunjwa miaka ya 1890. Isike alikufa ndani ya ikulu yake kwa baruti, na miaka karibu 70 baadaye neno lake likapandishwa juu ya jumba la waliomshinda. Mimi hilo linanifurahisha sana, sijui wewe.

SEHEMU YA 5

Kupata nyumba ni jambo moja, kukaa ndani yake ni jambo jingine. Mwalimu hakumaliza hata miezi 14 kabla ya kukimbia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Wakaja mjini, wakaizunguka Ikulu, wanamtaka Rais. Hawakumkuta. Mwalimu na Kawawa walikuwa wameshatolewa, wakavushwa maji kwenda upande wa Kigamboni kujificha. Oscar Kambona ndiye aliyebaki kuzungumza na askari. Tarehe 25 Januari maasi yakazimwa na majeshi ya Uingereza, kwa ombi la Rais mwenyewe, na Mwalimu alikiri kwamba kuwaomba wakoloni wa jana lilikuwa jambo la fedheha. Mwaka huohuo jeshi likaundwa upya, ndiyo JWTZ.

Wewe uliyewahi kupanda pantoni ya Kigamboni, maji yale unayovuka ukiwa na ndoo ya dagaa au ukimwahi mgonjwa, Rais wa nchi aliyavuka akiokoa maisha yake. Nilipomsimulia mama mdogo hili kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na yeye alivuka kama sisi." Nikamwambia ndiyo mama, na yeye alivuka.

Baadaye Mwalimu alijenga nyumba yake Msasani akahamia huko, Ikulu akawa anakwenda kazini kisha anarudi kwake. Alipong'atuka 1985 hakuwa na la kuhamisha sana. Mzee Mwinyi akaingia. Naye alipomaliza miaka 10, mwaka 1995, kukawa na mbio kubwa za kuitaka Ikulu, mbio za vyama vingi za mara ya kwanza, fedha zinamwagwa. Mwalimu akazunguka akisema. Mei Mosi ya mwaka ule ilifanyika Mbeya, na sisi wa Songwe wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Mbeya, wazee wetu wengine walikuwepo uwanjani. Katika hotuba zake za mwaka 1995 alirudia jambo moja: kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, hapageuzwi mahali pa kufanyia biashara, na mtu anayetumia fedha nyingi kuitafuta aulizwe anazitoa wapi na atazirudishaje. Alisema Ikulu ni mzigo, na mwenye akili haukimbilii mzigo.

Akaja Mkapa, akaja Kikwete. Julai 2013 Obama alikuja pale Ikulu, na barabara ya mbele, ile iliyoitwa Ocean Road, ikapewa jina lake. Lakini hospitali ikabaki na jina lake la zamani, na mgonjwa bado anasema naenda Ocean Road.

Novemba 2015 Magufuli akaapishwa. Katika siku zake za kwanza alitoka Ikulu kwa miguu akaenda Wizara ya Fedha, watu wamekaa maofisini hawaamini. Siku chache baadaye akatokea Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini. Fedha zilizotengwa kwa sherehe ya wabunge akaagiza zikanunue vitanda. Watu wanabishana mengi juu ya uongozi wake, na mimi sitaingia huko. Nasema tu kama nesi: kitanda ni kitanda. Mgonjwa aliyelala chini halafu akapata kitanda hahitaji kuelezwa Ikulu ina maana gani kwake.

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Wazo la kuhamia Dodoma ni la mwaka 1973, TANU ndiyo iliyoamua, ili makao makuu yawe katikati, yasiwe pembeni kabisa baharini ambako mkoloni aliyaweka kwa ajili ya meli zake. Mwalimu alikwenda Chamwino, akafyatua matofali na wanakijiji. Lakini ofisi zikabaki Dar miaka zaidi ya 40. Julai 2016 Magufuli akatangaza tunahama, na Oktoba 2019 yeye mwenyewe akahamia. Tarehe 30 Mei 2020 akaweka jiwe la msingi la Ikulu mpya ya Chamwino, na siku hiyo akawagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere tausi. Tausi ni ndege wa Ikulu tangu zamani, na watu walicheka, lakini mimi niliona ni kama mpangaji anayekumbuka waliokaa kabla yake.

Hakuishi kuliona jengo likimalizika. Alifariki 17 Machi 2021. Tarehe 19 Machi, Mama Samia Suluhu Hassan akala kiapo, na kiapo kile kilifanyika palepale Magogoni, Ikulu ya Dar es Salaam. Jioni ile simu yangu ikaita. Mama mdogo. Yuko shambani, Mbozi, amesikia redioni. "Mwanangu, ile nyumba yetu ya pantoni imepata mwanamke!" Nikamjibu, "Imepata, mama." Huyu ni mtu ambaye 2017 madaktari walikuwa hawaniahidi kitu.

Ikulu ya Chamwino ilifunguliwa rasmi na Rais Samia tarehe 20 Mei 2023. Ukiiangalia picha yake utaona inafanana na ile ya Dar, matao yaleyale, weupe uleule. Tofauti ni waliojenga. Ya Dar ilisimamishwa na wakoloni wawili, mmoja juu ya magofu ya mwenzake. Ya Chamwino imejengwa na Watanzania. Tumechukua sura ya nyumba ya gavana tukaijenga wenyewe, katikati ya nchi, kwa jina la watemi.

Sasa nirudi kwa yule mama aliyekataa rufaa, kwa sababu haya yote nimeyaandika kwa ajili yake.

Mama, umesema kule ni kwa wakubwa. Ni kweli, walioijenga walikusudia hivyo. Hospitali ile ya 1897 ilijengwa ili mtu kama mimi na wewe tusilale ndani yake. Lakini baada ya ukoloni milango yake ilifunguliwa. Kuna wakati ilikuwa ya wazazi, na watu wengi wa Dar wanajivunia kuzaliwa pale. Mwaka 1996 ikawa taasisi kamili ya saratani ya nchi nzima. Leo ukikaa kwenye benchi la kusubiri mionzi utasikia Kinyiha, Kinyakyusa, Kisukuma, Kigogo, Kimakonde. Mama yangu mdogo alikutana pale na mama wa Ileje wakawa wanagawana maandazi kila asubuhi. Kitanda cha ofisa wa gavana ndicho amelala mkulima wa kahawa wa Mbozi. Hiyo ndiyo historia, na wewe una haki nayo.

Na ile nyumba ya jirani usiiogope. Jerumani alikaa akaondoka, tena akaishia kutembea kwa miguu huku kwetu. Mwingereza alikaa akaondoka. Marais wanakaa, wanamaliza, wanakabidhi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenye nyumba. Wapangaji wote, na kodi ya nyumba ile imelipwa na bibi zetu tangu enzi za rupia hadi leo ukinunua sabuni dukani. Huwezi kuogopa kukaa jirani na nyumba unayoilipia.

Safari ni ndefu, siongopi. Nauli inauma, mahali pa kufikia panasumbua, na mionzi ni wiki kadhaa. Hayo njoo tuyapange, tunajua watu waliokwisha kupita njia hiyo na watakuelekeza. Lakini usiniambie hufanani na pale. Hilo nimeshalikataa.

Na ninyi wengine mnaosoma, akina mama hasa wa miaka 30 na kuendelea, njooni mpimwe mlango wa kizazi. Ni kipimo cha dakika chache, tunatumia maji ya siki, na tukikuta dalili za mwanzo tunazimaliza kabla hazijawa saratani. Mabinti zenu wapewe chanjo ya HPV, nchi yetu ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Tukifanya hivyo mapema, wengi wenu mtaiona Ikulu mkiwa mmekwenda Dar kutembea tu, mkiwa juu ya pantoni na karanga mkononi, na siyo mkiwa na bahasha ya rufaa.

Yule mama bado hajasafiri. Kesho naingia zamu ya asubuhi, na nitampitia kwanza nyumbani kwake kabla sijafika kazini. Nitamwambia kuhusu pantoni.

Wiki ijayo tunarudi kwenye presha.